Mkoba wa Ngozi: Igeni Ufundi, Msiige Nembo

Thika na Ruiru ni miji ya viwanda. Thika iliwahi kuwa na kiwanda cha kukamulia magome ya miwati ili kupata dawa ya kudibaghia ngozi, na hadi leo ngozi hutengenezwa huko. Kwa familia zetu zilizohamia bara kutoka pwani, hapo pana mlango wa riziki: mama anaweza kununua kipande cha ngozi njema karibu na kwake, akaketi nyumbani na wanawe, akashona mkoba wa heshima.

Kazi hii si ngeni kwetu. Watu wa Lamu wanayajua makubadhi ya ngozi tangu zamani. Na Mama wa Waumini Zaynab bint Jahsh, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa akidibaghi na kushona ngozi kwa mikono yake, kisha akikitoa sadaka alichokipata.

Mikoba inayotamaniwa zaidi siku hizi ni ile ya Hermès ya Paris. Ule uitwao Birkin ulizaliwa mwaka 1984, baada ya mkuu wa kampuni hiyo kukaa ndani ya ndege jirani na mwigizaji Jane Birkin, aliyelalamika kwamba hapati mkoba umfaao mama mwenye watoto. Lakini kampuni yenyewe ilianza mwaka 1837 kwa kutengeneza hatamu za farasi, na siri yake ni mshono wa mafundi wa hatamu: uzi mmoja, sindano mbili. Mshono wa cherehani ukikatika mahali pamoja huanza kufumuka. Huu ukikatika upande mmoja, upande wa pili hushika.

Namna yake ni hii. Chora vipande kwenye karatasi ngumu: mbele, nyuma, mbavu, kitako na vishikio. Chagua ngozi ya ng'ombe yenye unene wa milimita 1.5 hadi 2, uikate kwa kisu kikali na rula ya chuma. Gundisha kingo, piga mstari milimita 4 kutoka ukingoni, kisha toboa matundu kwa maharazi ya fundi viatu, yakiachana kwa milimita 4. Kata uzi wenye urefu mara nne ya mshono, uupake nta, utie sindano kila ncha. Kila tundu lipitiwe na sindano zote mbili, kila moja kutoka upande wake, na uvute kwa nguvu zilizo sawa. Ukifika mwisho, rudi nyuma matundu matatu ndipo ukate. Sugua kingo kwa msasa laini, kisha kwa nta na kitambaa mpaka zing'ae.

Angalia pia bitana. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ngozi hutwaharika kwa kudibaghiwa, isipokuwa ya mbwa na ya nguruwe. Na ngozi ya nguruwe hutumika sana kama bitana. Alama yake ni vitundu vya nywele vilivyokaa vitatu vitatu. Ukiwa na shaka, tia bitana ya kitambaa.

Mtihani mkubwa huja kazi ikishapendeza. Mteja atakuonyesha picha kwenye simu, aseme: "Dada, nitilie na lile jina, nitakuongeza pesa." Kujifunza kutokana na mtindo wa wenzako ni jambo moja, kuubandika jina lao mkoba wako ni jambo jingine. Sheria ya Kenya ya mwaka 2008 dhidi ya bidhaa bandia inalikataza, na kabla yake dini yetu ilishalikataza: Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkemea muuza nafaka aliyeficha iliyolowa chini ya ile kavu, akasema kwamba mwenye kughushi hayuko pamoja naye.

Nyongeza ile ni bei ya jina la watu. Andika lako, dogo, ndani ya mkoba. Mwaka utakapopita na mshono haujalegea, mteja atajua wapi pa kumpeleka dada yake.