Mama, baada ya upasuaji usiharakishe

Mama uliyepasuliwa kwa sababu mkojo ulikutoka ukikohoa, ukicheka au ukibeba jerikani: kidonda cha ndani hakionekani, lakini kinahitaji muda. Subiri wiki 6 hivi kabla ya kukutana na mumeo, au zaidi kama daktari alivyokuambia. Kama ulishonwa fistula, upasuaji unaofanywa pia ng'ambo ya mto Rusizi, katika Hospitali ya Panzi, Bukavu, subiri angalau miezi 3.

Baba, vumilia. Haraka inaweza kuharibu mshono.

Mkianza tena, nendeni polepole. Upasuaji haumalizi unyumba. Ukisikia maumivu, ukiona damu, au mkojo ukitoka tena, usinyamaze kwa aibu. Rudi kituo cha afya. Mara nyingi hutibika. Ukipata mimba, mwambie mkunga mapema kwamba ulipasuliwa.