Feza ya bangi inaingia wapi?

Ndugu musomaji, sheria ya inchi yetu inakataza bangi, lakini unajua inauzishwa. Feza yake inaingia mufuko ya wauzaji wa kificho, hata makuta moja haifike kwa masomo.

Huko Colorado, Marekani, watu walipiga kura mwaka 2012 ili iruhusiwe. Tangu Januari 2014 inauzishwa katika maduka yenye ruhusa, na sehemu ya kodi inajenga nyumba za masomo. Mwenye hajatimiza miaka 21 haruhusiwi kuinunua. Muuzaji wa kificho, yeye, haulize mtoto miaka yake.

Basi wazazi, afadhali nini: duka lenye kulipa kodi, ao kificho? Mimi nasema duka. Lakini wewe kijana, usidanganyike: kodi haiondoe sumu. Moshi ule unaumiza akili yenye haijakomaa.