Ndege ya Tabora Haikuja: Nauli Inadaiwa kwa Nani?

Mwezi Agosti 1871, vita kati ya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe, eneo la Tabora, vilifunga njia ya kutoka Tabora kwenda Ujiji. Henry Morton Stanley, aliyekuwa amefika Kwihara, karibu na Tabora, akimtafuta David Livingstone, alikuwa na mizigo tele na wapagazi hana. Wale aliotoka nao Bagamoyo waliajiriwa hadi Unyanyembe tu. Walifika, wakatua mizigo, kazi yao ikaisha. Ilimlazimu kutafuta wengine, na mnamo Septemba 20 akaondoka kwa kuzunguka upande wa kusini. Safari iliyoonekana moja ilikuwa na mapatano mawili.

Abiria wa Tabora wa leo anakutana na jambo hilohilo akiwa ameshika simu. Tuseme anakwenda Muscat kuwaona ndugu, kama wafanyavyo wengi wenye jamaa Oman. Amenunua tiketi ya Air Tanzania ya Tabora hadi Dar es Salaam, kisha tiketi nyingine, ya shirika jingine, ya Dar hadi Muscat. Asubuhi ya safari ndege ya Tabora inafutwa. Shirika la kwanza linadaiwa nauli ya kipande chake tu. La pili halijui habari hizo. Kwenye orodha yake huyu ni abiria ambaye hakutokea uwanjani, na mara nyingi nauli yake imekwenda. Laiti vipande vyote viwili vingekuwa katika tiketi moja, wajibu wa kumfikisha Muscat ama kumrejeshea fedha ungekuwa wa safari nzima. Pale ambapo mashirika hayana makubaliano ya kuuza tiketi ya pamoja, kulala Dar usiku mmoja ni gharama ndogo kuliko kupoteza nauli ya kimataifa.

Swali la kwanza katika madai yoyote ni hili: nani amefuta safari?

Likiwa ni shirika, maneno "nauli hairejeshwi" yaliyoandikwa kwenye tiketi hayapaswi kumtisha mtu, kwa sababu yanamhusu abiria anayebadili nia mwenyewe. Huduma iliyolipiwa haikutolewa, basi fedha zirudi. Hapa wengi hujikwaa. Ujumbe huingia kwenye simu ukisema safari imehamishiwa keshokutwa, pamoja na kitufe cha kukubali. Abiria hubonyeza kwa haraka, na baada ya hapo hudai fedha. Kukubali ndege mpya ni kuchagua ndege badala ya fedha. Asiyeitaka tarehe hiyo asiikubali hata kidogo, aandike mara moja kwamba anataka nauli yake.

Akiwa ni abiria aliyeahirisha, masharti ya tiketi ndiyo huamua, na tiketi za bei ya chini ndizo zenye masharti makali. Hata hivyo, atoe taarifa kabla ndege haijaruka. Pia aulizie kodi na tozo za kiwanja, kwani baadhi ya mashirika hurejesha sehemu hiyo hata nauli yenyewe isiporudi, ila ni kwa anayeomba.

Aliyenunua kwa wakala kwa kawaida hurudi kwa wakala huyo huyo, na ada ya wakala huenda isirudi. Muhimu ni namba ya tiketi yenye tarakimu 13, si ile alama fupi ya nafasi peke yake. Tarakimu tatu za mwanzo hutaja shirika: 197 ni Air Tanzania, 031 ni Precision Air.

Desemba 2018 ilionyesha ugumu wa kudai nauli kwa shirika lililosimama. Fastjet Tanzania ilisimamisha safari zake msimu wa sikukuu, huku Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ikiipa notisi ya siku 28 ya kusudio la kuifutia leseni. Waliokwisha kulipa wakabaki wakidai. Shirika likiishiwa fedha, haki ya abiria haifutiki, lakini kuipata ni kazi nzito. Aliyelipa kwa kadi ya benki ana mlango wa ziada: anaweza kuiomba benki yake ipinge malipo hayo.

Katika Umoja wa Ulaya, sheria namba 261 ya 2004 inataka fedha zirudi ndani ya siku saba, na inamlinda hata anayepanda KLM Dar es Salaam kwenda Amsterdam. Ndani ya Tanzania, dai huanzia kwa shirika lenyewe kwa maandishi. Likipuuzwa hupelekwa TCAA, ambako pia kuna Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga. Barua itaje namba ya ndege, tarehe, namba ya tiketi, kiasi kilicholipwa na njia ya malipo, iambatanishwe na ujumbe wa kufutwa kwa safari, na iseme wazi kwamba kinachodaiwa ni fedha, si tarehe nyingine ya kusafiri.