Maumivu Yasiyoonekana Pichani

Mtu aangukapo aghalabu hutanguliza kiganja ili aunusuru uso. Uzito wa mwili hupokelewa na kilimbili, kifundo chenye mifupa midogo 8 iliyosongamana kama kokoto. Ndivyo itukiavyo viwanjani mwa shule zetu. Mwanafunzi hupelekwa zahanatini, hupigwa picha ya eksirei, huambiwa hakuvunjika, hufungwa bandeji na kurejeshwa darasani. Majuma hupita ilhali yeye angali analalama kuwa kalamu haishikiki. Hapo ndipo baadhi ya walimu, na hata wazazi, humwita mvivu.

Hukumu hiyo ni ya pupa. Mfupa uitwao skafoidi, ulio upande wa kidole gumba, waweza kupata ufa mwembamba ambao picha ya siku ya kwanza haiuonyeshi. Tabibu makini hubonyeza kijishimo kinachojitokeza kwenye shina la kidole gumba kinyooshwapo. Mgonjwa akigutuka kwa uchungu, mkono hufungwa kana kwamba umevunjika, na picha hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14. Kuchelewa kuna hasara. Damu nyingi ya mfupa huo huingilia upande wa vidoleni, hivyo ukikatika, kipande kilichoelekea kigasha huweza kukosa damu kikafa. Wakandaji wetu siwabezi, lakini mkono kama huu wasiuguse kabla ya picha ya pili.

Lipo jambo geni zaidi. Pengine mfupa umeshapona, nayo maumivu, badala ya kupungua, yazidi. Mkono hufura, hubadilika rangi, huwa moto mara huwa baridi, hutoka jasho kuliko mwenzake, na hata mguso wa shati huwa adhabu. Silas Weir Mitchell, tabibu wa Marekani, alieleza maumivu yanayofanana na haya mwaka 1864, baada ya kuwatibu askari waliojeruhiwa neva vitani. Mwaka 1900 Paul Sudeck wa Ujerumani akaonyesha jinsi mifupa ya kiungo cha aina hiyo inavyodhoofika. Hadi leo hakuna kipimo kimoja cha damu wala picha kinachotosha kuutambulisha ugonjwa huu. Daktari husikiliza, hulinganisha mikono miwili, na huondoa visababishi vingine kimoja baada ya kingine. Kwa hiyo ushahidi mkubwa ni kauli ya mgonjwa mwenyewe, na mtoto aliyekwisha kuitwa mwongo huacha kusema.

Mwalimu amwonaye kila siku ana mengi ya kumfaa daktari. Amwulize ni vidole vipi vinavyokufa ganzi: vikiwa gumba, cha shahada na cha kati, yamkini neva ipitayo katikati ya kilimbili imebanwa. Atazame pia kama mtoto anauficha mkono kifuani, kwa maana mkono usiotumika hukakamaa. Ndiyo sababu wataalamu wa mazoezi ya viungo huusogeza mapema, kidogo kidogo. Wakati huo majibu ya jaribio yaweza kutolewa kwa mdomo.