Usiulize Saa, Uliza Maji

Kila Kaskazi ikianza, swali ni lile lile: "Mtaalamu, niamke saa ngapi nikawaone ndege wa pwani?" Wapo wanaoniapia kwamba walifika Daraja la Salenda saa kumi na mbili asubuhi, darubini shingoni, wakaambulia kunguru na yangeyange wawili, basi wakakata shauri kuwa ndege wa Dar wamekwisha. Hawajakwisha. Mliwafuata wakiwa wamepumzika.

Imani hii ya alfajiri imetoka bustanini. Chozi wa uani kwako kweli huchangamka kukicha. Kitwitwi hana habari na jua. Chakula chake, minyoo na kaa wadogo, kimo topeni, na tope hilo hufunuliwa na maji kupwa tu. Yakipwa saa nane usiku, atakula saa nane usiku. Yakijaa pomoni, husimama kwa mguu mmoja kwenye fungu la mchanga au mikokoni, mdomo kauchomeka mgongoni, akingoja. Sasa siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu au mwandamo, maji yetu hujaa karibu na hiyo hiyo saa kumi na mbili asubuhi. Wewe uliyekatisha usingizi utatazama mawimbi.

"Basi nitakwenda maji yakipwa kabisa." Hapana tena! Siku hizo za bamvua maji hupwa mwisho wake kwenye saa sita mchana, na bahari inakuwa imerudi mbali hata ndege wote wanaonekana nukta tupu. Wakati wenyewe ni pale maji yanapopanda na kuwasukuma ufukweni: kuanzia saa saba mchana, jua likiwa utosini. Najua. Vaa kofia.

Hapo utamwona sululu, mwenye mdomo mrefu uliopinda chini, kamkamata kaa: anamtikisa mpaka miguu inapukutika, anamsuuza majini, anammeza. Au yule mla kaa mweupe mwenye mgongo mweusi, anayezaliana Oman na kandokando ya Bahari ya Shamu, akitaga yai moja ndani ya shimo alilochimba mchangani. Vitwitwi wengine wanatoka Siberia. Huanza kufika Agosti, na Aprili ikiisha wengi wameshaondoka. Wanaobaki aghalabu ni wale wachanga ambao hawajafikia umri wa kuzaa.

Kinondoni, nenda Kunduchi upande wa mikoko, au Ununio na Mbweni. Temeke, Mtoni Kijichi. Jedwali la maji limo kwenye simu. Usipoliamini, muulize mvuvi yeyote pwani, atakutajia bila kutazama popote. Viatu vya kufunga, si malapa, maana chupa zilizovunjika hazikosekani. Nendeni wawili, kwa kuwa darubini huvutia macho mengine pia. Mbwa abaki nyumbani. Na msiwarushe ndege kwa ajili ya picha, hasa Machi: wanalimbikiza mafuta ya safari, na kila wakirushwa wanayaunguza bure.