Nyanya, Simu na Bima ya Afya

Hapa kwetu Soweto West, Kibera, wazee wengi hutuita sisi wajukuu tuwasomee simu. Kwa hivyo mambo mengi ya matibabu yao hupitia mikononi mwa mtoto wa shule.

Ilivyo ni hivi. Tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilichukua mahali pa NHIF iliyoanzishwa mwaka wa 1966. Unabonyeza *147#, unaweka nambari ya kitambulisho, unajiandikisha. Aliyejiandikisha hutibiwa bure katika zahanati na vituo vya afya vya serikali. Hospitali kubwa ni jambo jingine. Huko lazima uwe umelipa mchango. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na mshahara, kama nyanya yangu muuza mboga, huulizwa maswali: nyumba imejengwa kwa nini, choo ni cha aina gani, maji mnatoa wapi. Kutokana na majibu hayo mapato yake hukadiriwa, naye huambiwa alipe ngapi. Mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa ulipie mwaka mzima.

Sasa sikieni kosa langu. Nyanya ana presha. Jioni moja nilimjibia maswali yale yeye akichambua sukuma wiki, nikabonyeza haraka haraka nirudi kwa hesabu zangu. Choo cha kulipia nikasema ni chetu, ati naona aibu! Kiasi kilichotokea hatukukiweza. Tumeomba kirekebishwe na bado tunangoja. Nyanya hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mjukuu wangu, walikuwa wanauliza mimi ama wewe?" Nikanyamaza.

Siku hizi namsomea kila swali kwa sauti na kubonyeza alivyosema yeye. Tarakimu za siri zikija kwa simu, simpi mtu mwingine. Hata tukiwa zahanati, daktari akinigeukia mimi kueleza dawa, namwambia kwa heshima kuwa mgonjwa ni huyu. (Madaktari nao huwa na haraka!) Juzi aliulizwa angependa kumeza dawa saa ngapi. Akasema asubuhi kabla ya kwenda sokoni, kwani jioni huwa kibandani na husahau. Mimi ningejibu jioni.