Seli Tatu za Laptop Si Betri ya Pikipiki

Swali limenifikia tena, kwa maneno yaleyale: "Mtaalamu, seli tatu za laptop zinatoa volti 12, na betri ya pikipiki ni volti 12. Nikizifunga pamoja nikaziweka mahali pa betri ya asidi, kuna ubaya gani?" Aliyeuliza safari hii ni dereva wa bodaboda. Mara nyingine huwa ni fundi, na fundi ndiye anayenitia hofu zaidi, maana yeye atazifunga kwenye pikipiki za watu wengi. Ubaya upo, tena ni wa moto. Naomba leo tulimalize.

Hiyo 12 iliyoandikwa kwenye betri haikusaidii kitu hapa. Namba ya kutazama ni ile inayotoka kwenye rektifaya injini ikiwa kwenye mwendo, nayo ni volti 14 hadi 14.5, kwa sababu betri ya asidi haijai vizuri chini ya hapo. Seli ya laptop, ile ya mviringo yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, mwisho wake ni volti 4.2. Ukiziunganisha tatu kwa kufuatana, mwisho wa zote ni 12.6. Sasa gawanya 14.4 kwa tatu: unapata 4.8. Kila seli inapitishwa mwisho wake kwa volti 0.6, na hali hiyo inaendelea muda wote injini inapokimbia.

Kwa mtu aliyezoea asidi, 0.6 ni kitu kidogo. Betri ya asidi ikizidishiwa chaji huchemka, maji hupungua, unaongeza maji ya betri, unaendelea na kazi. Seli ya lithiamu haina maji ya kupoteza. Chaji inapozidi, lithiamu hujikusanya kama metali halisi juu ya grafaiti iliyopaswa kuipokea, na ncha za metali hiyo zinaweza kutoboa utando mwembamba unaotenganisha chanya na hasi. Upande wa pili, oksidi ya kobalti iliyonyang'anywa lithiamu kupita kiasi huanza kuvunjika na kuachia oksijeni. Kwa hiyo ndani ya kopo lililozibwa unakuwa na kimiminika kinachoshika moto, joto, na oksijeni ya humohumo. Ndiyo maana moto wa seli hizi hauzimiki kwa kufunikwa gunia. Na betri ya pikipiki inakaa wapi? Nyuma ya kava la ubavuni, chini ya kiti, karibu kabisa na tangi la petroli, na juu yake amekaa abiria.

"Mbona ya jirani yangu inaenda mwezi wa tatu sasa?" Inaenda, ndiyo. Pikipiki nyingi ndogo hupata cheche kutoka kwenye koili yake yenyewe ya magineti. Ukipiga kiki inawaka hata ukitoa betri kabisa, kwa hiyo injini kuunguruma hakuthibitishi kwamba betri ni nzima. Tena kijiweni na kwenye foleni injini inazunguka polepole, volti ziko chini, seli zinaumia kidogo kidogo bila kelele. Siku dereva akipata mzigo wa kutoka Dar hadi Chalinze, gia ya juu muda wote, ndipo volti zinapopanda na kukaa hukohuko.

Pakiti za namna hii ninazofungua mezani zina hadithi moja. Chini ya kofia ya upande wa chanya, seli nyingi za aina hii zina kisahani chembamba cha usalama. Gesi ikijaa ndani, kisahani kinainuka na kukata njia ya umeme, na kikishainuka hakirudi. Mita inasoma sufuri. Fundi anasema hii imekufa, anaing'oa, anachomelea seli nyingine kuukuu kutoka laptop nyingine, pikipiki inarudi barabarani. Seli ile haikufa kwa uzee. Ilijikata ili isilipuke, ikamwonyesha fundi kosa liko wapi, naye akaitupa kwenye ndoo ya chakavu.

Kuna na hili: "Chaja ya laptop inatoa volti 19 na seli haziungui." Haziungui kwa sababu kati ya chaja na seli kuna saketi inayoshusha hizo 19, inayohesabu chaji na kukata inapofika mwisho. Ukivunja pakiti ya laptop na kuchukua seli tupu, saketi hiyo umeiacha. Basi unaweka kadi ya kulinda seli (BMS) ya bei rahisi? Kadi ya seli tatu ikifanya kazi yake, itafunga njia ya chaji volti zikipita 12.8 hivi, yaani karibu muda wote wa safari. Mfumo wa umeme unabaki bila betri ya kutuliza mawimbi ya volti, na balbu na vifaa vya elektroniki ndivyo vinavyobeba mzigo. Kadi isipofanya kazi yake, tumerudi kwenye 4.8. Na ukibonyeza selfu, stata inavuta makumi ya ampea kwa mpigo, ilhali seli ya laptop haikuundwa kutoa zaidi ya ampea 5 hivi.

Wanaoongeza seli ya nne nao hawajatoka. 14.4 kwa nne ni 3.6, haiunguzi, lakini seli hazifiki hata nusu ya chaji. Ukizijaza nyumbani zinafika 16.8, na volti hizo zinaingia moja kwa moja kwenye taa na saa ya mwendo.

Lithiamu inayofaa pikipiki ipo, na haipatikani ndani ya laptop. John Goodenough, aliyepata Nobeli ya kemia mwaka 2019 pamoja na wenzake wawili, alishiriki kuzaa zote mbili: oksidi ya kobalti alipokuwa Oxford mwaka 1980, na fosfeti ya chuma (LiFePO4) akiwa Texas katika miaka ya 1990. Fosfeti hushika oksijeni yake kwa nguvu zaidi, kwa hiyo ni vigumu zaidi kuwaka. Seli yake ina volti 3.2 na hujaa kwenye 3.65. Nne zikifuatana ni 12.8, na mwisho wake ni 14.6. Linganisha na rektifaya yako, utaona kwa nini hii inaingia na ile haiingii.

Ya kufanya, basi. Pima kwanza: mita kwenye vichwa vya betri, injini ikiwa moto, vuta mafuta, taa zikiwa zimezimwa kisha zimewashwa. Ikizidi 14.6, badili rektifaya kabla ya kununua betri ya aina yoyote. Kama unawasha kwa kiki tu, nunua betri ya asidi iliyozibwa, lithiamu haitakuongezea kitu. Kama unategemea selfu na unataka wepesi, nunua betri ya pikipiki iliyoandikwa LiFePO4, yenye BMS ndani yake, kwa muuzaji anayekubali kuipokea ikirudi. Usiamini ampea-saa zilizoandikwa kwa maandishi makubwa, maana mara nyingi ni za kulinganisha na asidi. Tafuta wati-saa, gawanya kwa 12.8: betri inayojiita ya 9 lakini ina wati-saa 38 ni ya ampea-saa 3. Hili ni muhimu kwa pikipiki za mkopo zenye kifaa cha kufuatilia, kwa sababu kifaa kinachovuta miliampea 20 pikipiki ikiwa imezimwa kitamaliza ampea-saa 3 kwa saa 150, siku sita na kidogo. Ukisafiri na kuiacha pikipiki, chomoa waya wa hasi kwanza, ila kama mkataba wa mkopo unakataza, baki na asidi. Betri ya lithiamu ikishuka chini ya volti 10, usiilazimishe kupokea chaji. Usitumie chaja yenye mpango wa kufufua betri za asidi. Fyuzi iachwe mahali pake, na betri ibanwe kwa sponji isicheze.

Betri ya zamani irudishe nzima kwa mnunuzi wa chakavu anayezipeleka kiwandani, asidi ikiwa ndani. Usiimwage mtaroni, na usimpe anayeyeyusha risasi uani kwake. Watoto wa Owino Uhuru, Mombasa, walipata sumu ya risasi kwa sababu kiwanda cha kuyeyusha betri kilikuwa kimepakana na nyumba zao.